SOMO: KILIMA CHA SALA NA MAJIRA YAKE



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya wababa, vya wamama na vya vijana. Kabla ya kuanza, mmoja wenu asome kwa sauti Mwanzo 2:15, na mwingine asome Kumbukumbu la Torati 23:12-14. Mnyamaze kidogo, halafu mwendelee.

UTANGULIZI

Parokia zetu nyingi zina mahali pa mafungo nje ya mji: kilima, miti kadhaa, chemchemi, na nyumba chache za nyasi. Tunakwenda huko siku 3, siku 7, hata siku 21, ili kufunga, kukaa kimya na kumsikiliza Mungu. Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi mno, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo (Marko 6:31).

Juu ya mahali hapo tunauliza maswali mengi. Je, pana nguvu? Je, maombi yanajibiwa? Lakini swali moja hatulizoei: je, mahali penyewe pangali hai? Miti ya kilima chetu ni mingi kuliko ilivyokuwa miaka 10 iliyopita, au ni michache? Chemchemi inatoa maji hata mwezi wa 9, au inakauka? Njia ya kupandia ingali njia, au imekuwa bonde?

Fundisho letu ni hili: ardhi ya sala ni sehemu ya sala. Kila majira yana kazi yake, na ardhi nayo ina siku zake za kupumzika. Anayekuja kutafuta kimya asiache nyuma yake visiki na majivu.

Tutasema hasa juu ya nyanda za juu za Katanga, upande wa Lubumbashi, Likasi mpaka mpaka wa Zambia. Ndugu wa Kivu, wa Maniema na wa Tanganyika wageuze miezi kufuatana na mvua ya kwao. Sheria inabaki ile ile.

I. KULIMA NA KUTUNZA

Mwanzo 2:15 inatuonyesha kwamba mtu wa kwanza aliwekwa katika bustani akiwa na kazi mbili: kuilima na kuitunza. Tazameni vizuri. Kazi hizo alipewa kabla ya dhambi. Basi kushika jembe si adhabu tu, na kulinda miti si mambo ya wazungu wala ya serikali tu. Ni wito wa kwanza wa mwanadamu.

Kulima bila kutunza ni kula mtaji. Kutunza bila kulima ni kuacha watoto na njaa. Bwana aliziunganisha zote mbili, nasi tusizitenganishe.

Tunapofika mahali pa sala tunavua viatu, kama Musa alivyoagizwa mbele ya kijiti kilichowaka moto (Kutoka 3:5). Mguu mtupu unajua mambo ambayo kiatu hakijui. Unajua udongo wenye majani na unyevu, na unajua udongo uliochomwa, mgumu kama sakafu. Ndugu, safari ijayo uuulize mguu wako: ardhi hii inaendeleaje?

II. MAJIRA YA NYANDA ZA JUU

Katika nchi yetu mvua kamili inanyesha kutoka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3. Mwezi wa 10 na mwezi wa 4 ni ya kupita. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni kiangazi. Kwa mwaka Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 za mvua, na karibu yote inashuka katika miezi hiyo michache. Basi kilima kinakunywa nusu ya mwaka na kufunga nusu ya mwaka. Nacho kina mafungo yake.

Mwezi wa 5 mpaka wa 7: baridi. Mahindi yamevunwa, njia ni kavu, na usiku ni wa baridi, kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Huu ndio wakati mzuri wa makusanyiko makubwa. Chakula kipo vijijini, wala hatumnyang'anyi mwenyeji akiba yake. Kazi ya ardhi: kusafisha mistari ya kuzuia moto, kutengeneza nyumba, kukusanya mbegu za miti, kuchimba vyoo vipya.

Mwezi wa 8 mpaka wa 10: joto. Miti ya miombo inatoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, kabla ya tone la kwanza la mvua. Mtu asiyejua anafikiri ni maua. Miti inachota nguvu zilizowekwa katika mizizi. Huu ni wakati wa hatari, kwa maana nyasi zimekauka kabisa na upepo una nguvu. Kazi ya ardhi: kulinda. Vikundi vidogo, moto mdogo, walinzi mchana na usiku.

Mwezi wa 11 mpaka wa 3: mvua. Masuku yanaiva, uyoga unatoka, viwavi wanajaa miti. Kazi ya ardhi: kupanda miche mvua ikishatulia, kupalilia, kuongoza maji ya njia. Mwezi wa 1 na wa 2 akiba ya mwaka uliopita inaisha na mahindi mapya hayajakauka. Mkusanyiko wa watu 200 wakati huo ni mzigo kwa kijiji cha jirani. Afadhali kilima kipumzike.

Mwezi wa 4: kupita. Mvua inaaga. Ni mwezi wa kuzunguka kilima pamoja na wazee na chifu wa ardhi, kuhesabu miche iliyoshika, kutazama mahali udongo uliposhuka, na kupanga kazi za mwaka.

Neno moja juu ya uyoga na viwavi, kwa sababu wamama wengi wanauliza. Uyoga mwingi wa msitu wetu unaishi kwa kushikana na mizizi ya miombo: mti unaulisha uyoga, na uyoga unausaidia mti kupata chakula katika udongo wetu maskini. Kata mti, na uyoga huo hautarudi mwaka ujao. Viwavi vilevile wanakula majani ya mti ulio hai. Wengine wanaangusha mti mzima kwa ajili ya kikapu kimoja cha viwavi. Hiyo ni kumchinja kuku ili kupata yai.

III. MOTO: MAPEMA, KWA KUCHELEWA, AU HAPANA?

Hapa ndipo kilima kinaponea au kufa. Wengi wanasema nyasi zimechomwa tangu babu zetu. Ni kweli. Lakini babu zetu walijua tofauti ya moto na moto.

Karibu nasi, huko Ndola katika Zambia, watu wa misitu walianza mwaka 1933 kupima jambo hili. Walichagua vipande vya msitu wa miombo. Kimoja walikichoma kila mwaka mapema, mwanzoni mwa kiangazi. Kingine walikichoma kila mwaka kwa kuchelewa, mwishoni mwa kiangazi. Kingine walikilinda kabisa. Baada ya miaka zaidi ya 20 tofauti ilionekana wazi. Mahali pa moto wa kuchelewa, miti mingi ilikufa, nyasi ndefu zikachukua nafasi, pamoja na miti michache inayovumilia moto. Mahali pa moto wa mapema, msitu ulibaki msitu. Mahali palipolindwa, msitu ulizidi kuwa mzito, na miti isiyopoteza majani ilianza kuingia.

Sababu si fumbo. Mwezi wa 5 au wa 6 nyasi zingali na maji ndani. Moto unakwenda polepole, unaruka sehemu nyingine, na usiku unajizimia. Mwezi wa 9 au wa 10 kila kitu ni kikavu. Moto unapanda juu na kukuta majani mapya, machipukizi mapya, na miche midogo isiyo na gome nene. Unaua watoto wa msitu. Ukifanya hivyo kila mwaka, wazee wa msitu wanakufa mmoja mmoja, na hakuna wa kuwarithi. Halafu mvua ya kwanza, yenye nguvu, inaanguka juu ya udongo ulio uchi na kuubeba mpaka mtoni.

Basi tunashauri hivi:

1. Kuzunguka kilima, lima mstari wa mita 5 au zaidi usio na nyasi. Kazi hiyo imalizike mwezi wa 5.

2. Ikiwa ni lazima kuchoma nyasi za kando, zichomwe mwezi wa 5 au mwanzo wa mwezi wa 6, jioni, upepo ukiwa umetulia. Watu wawe wengi, na matawi mabichi na maji yawe tayari. Chifu na majirani wajulishwe mbele.

3. Ndani ya kilima chenyewe, msichome kabisa. Majani yanayoanguka ndiyo mbolea ya pekee ambayo msitu unajipa wenyewe.

4. Kutoka mwezi wa 8 mpaka mvua, mioto ya mkesha iwashwe mahali pamoja tu, palipozungushiwa mawe, na mtu mmoja aagizwe kuuzima kwa maji. Mishumaa isiachwe peke yake chini ya miti wala ndani ya nyumba za nyasi.

Moto wa Musa uliwaka na kijiti hakikuteketea. Moto wetu unateketeza. Tusiichanganye.

IV. KUNI NA MAKALA

Chukueni mfano. Watu 100 wanafunga juma moja, lakini kila jioni wanakula bukari na sombe. Tukihesabu kilo 1 tu ya kuni kwa kila mtu kwa siku, ni kilo 700. Mkusanyiko wa namna hiyo ukifanyika mara 6 kwa mwaka, ni zaidi ya tani 4. Kilima kidogo kitavumilia miaka mingapi?

Wengine wanasema: basi tulete makala. Lakini katika tanuru za udongo tulizozizoea, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500 za kuni. Dhambi haikuondoka. Imehamia tu kwenye kilima cha mwingine.

Kwa hiyo kila mahali pa mafungo pawe na shamba lake la kuni. Kwenye uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, huko Mampu, zimepandwa hekta karibu 8,000 za miti ya akasia. Familia zinalima mihogo na mahindi kati ya miche katika miaka ya kwanza, baadaye zinafuga nyuki, na baada ya miaka 8 mpaka 12 zinakata miti kwa makala na kuanza tena. Sisi hatuhitaji hekta elfu. Hekta moja au mbili, nje ya msitu wa sala na mbali na chemchemi, ni mwanzo. Watu wapike katika sufuria kubwa moja badala ya mbabula 20. Kuni ziwe kavu, na jiko likingwe na upepo.

Tukumbuke pia kwamba miombo haifi upesi ikikatwa. Kisiki kinachipuka. Mkichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kuyalinda na moto wa kuchelewa, mti unarudi bila ninyi kununua mche. Lakini kisiki kisichimbuliwe. Nao wanaofuga nyuki waache kutengeneza mizinga ya gome, kwa sababu mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Mizinga ya mbao hutumika miaka mingi.

V. MAJI, NJIA NA VYOO

Isaka alichimbua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa (Mwanzo 26:18). Kumbe hata maji ya urithi yanataka kazi.

Chemchemi: zungusheni uzio juu yake. Chimbeni mfereji mdogo upande wa juu, ili maji ya mvua yasiingie na uchafu. Nguo zioshwe chini, mbali. Msipande mikalitusi karibu nayo, kwa sababu inakunywa maji mengi. Miti ya asili iachwe.

Njia: wengi wanapenda njia inyooke kutoka chini mpaka kileleni, kama ishara ya kwenda kwa Mungu. Lakini njia iliyonyooka juu ya mteremko ni mtaro. Mvua inaifuata, nyayo zinaichimba, na baada ya miaka michache kuna bonde. Njia izungukezunguke, na kila hatua kadhaa mtie jiwe au gogo la kuyatupa maji kando. Aliyechoka naye atapata mahali pa kupumua.

Vyoo: Kumbukumbu la Torati 23 iliwaagiza Israeli wawe na kifaa cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, wachimbe na kufukia, kwa sababu Mungu anatembea katikati ya kambi. Usafi wa choo ni jambo la heshima ya Mungu. Kipindupindu tunakijua vizuri katika nchi yetu. Choo kikae chini ya chemchemi, wala si juu yake, na kiwe mbali nayo mita 30 au zaidi. Pawe na maji, sabuni au majivu ya kunawia. Asiyenawa mikono asiguse chakula cha ndugu zake, hata kama ameombea wagonjwa usiku kucha.

Mabaki: baada ya mikate kuliwa, Yesu aliagiza vipande vikusanywe (Yohana 6:12). Plastiki, chupa na betri zirudi mjini pamoja na waliozileta.

VI. PUMZIKO

Walawi 25 inaamuru ardhi ipate sabato yake kila mwaka wa 7. Jambo hili hata wengine walilitambua, kila mmoja kwa njia yake.

Huko Italia, karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa wake kanuni. Ndani yake saa za kazi ya mikono, za kusoma na za kuamka usiku hazikuwa sawa mwaka mzima. Zilibadilika kufuatana na majira. Alijua kwamba mtu anayeomba ana mwili, na mwili unaishi chini ya jua.

Watawa wa Kibuda, tangu India ya kale, wakati wa mvua wanakaa mahali pamoja miezi 3 bila kutembeatembea. Mapokeo yao yanasema kwamba watu walilalamika kuwaona wakikanyaga majani machanga na vidudu wakati kila kitu kinaota. Mafungo yao marefu yalizaliwa na heshima kwa ardhi yenye kuota.

Kaskazini mwa Etiopia, misitu mingi ya asili iliyobaki ni ile inayozunguka makanisa ya Orthodoksi, kama visiwa vya kijani katikati ya mashamba. Mahali pengine waamini wamejenga kuta za mawe kuizunguka, mawe yaliyotolewa mashambani, ili ng'ombe wasile miche. Kwao, kanisa bila miti ni kama mtu asiye na nguo.

Nasi tugawanye kilima sehemu mbili au tatu. Kila mwaka sehemu moja ifungwe: hakuna kulala, hakuna kukata, hakuna kupita. Na kutoka katikati ya mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, makusanyiko makubwa yafanyike parokiani. Watunzaji wabaki juu na sala yao ya kimya.

VII. MANENO TUNAYOSIKIA

"Kazi ya jembe inavuruga roho ya mafungo." Hapana. Saa mbili za kazi asubuhi, bila maneno, ni shule ya kutafakari. Anayepalilia miche 20 kwa utulivu ameomba mara 20. Afadhali salongo ya kimya kuliko mkesha wa masengenyo.

"Bwana yu karibu kurudi, kwa nini kupanda mti?" Mtumwa mwema ni yule anayekutwa kazini. Hakuna bwana anayefurahi kurudi na kukuta nyumba imechomwa na watumwa wamekaa wanamngoja.

"Ndugu fulani anachoma makala kwenye kilima ili kulipa masomo ya watoto." Neno hili ni zito, wala tusilijibu kwa fimbo. Kumfukuza bila kumpa njia nyingine ni kumpeleka kwenye kilima kingine. Parokia impe sehemu katika shamba la kuni, au mizinga, au imlipe kama mlinzi wa moto. Anayejua kukata miti ndiye anayeijua vizuri. Akigeuka, atakuwa mtunzaji wa kwanza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kilima chetu kilikuwaje wakati wa wazee? Mzee mmoja aeleze.
2. Mwaka uliopita moto ulipita mwezi gani? Nani aliuwasha, na kwa nini?
3. Mkusanyiko wetu wa mwisho ulitumia kuni kiasi gani, na zilitoka wapi?
4. Choo chetu kiko juu au chini ya chemchemi?
5. Ni sehemu gani tutakayoifunga mwaka huu? Ni nani atakayekuwa mlinzi wake?

MWISHO

Wapendwa, tunakwenda kilimani tukiwa na mizigo, nacho kinatupokea bila kuuliza tunatoka kabila gani. Kinatupa kivuli, maji na kimya. Tumlipe mwenyeji huyu kwa matendo. Kila kikundi kitakachopanda mwaka huu kichague kazi moja kutoka somo hili na kuimaliza kabla ya kushuka, na mwandishi wa parokia aiandike katika daftari la mafungo. Mwezi wa 4 tutazunguka pamoja na kutazama.

Bwana aliyeiumba ardhi awape mikono ya kuitunza. Amina.